Barua kwa mwanangu aliyeuliza kuhusu jioni zinazofanana

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Mama yako hajambo, ila goti humsumbua mvua zinapoanza, nami ni mzima. Barua yako niliisoma, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti, na swali lako ndilo lililotufanya tuchelewe kulala. Uliuliza hivi: sisi tuliwalea katika vyumba viwili vya kupanga kule Manyatta kwa mshahara wa mwalimu wa msingi, na ninyi mkaona nyumba imejaa, wewe sasa, huko Nakuru, una mengi kuliko tuliyokuwa nayo, lakini kila jioni ni ileile ya kazi, foleni ya matatu, chakula, runinga na usingizi. Je, shukrani tuliipata wapi, na ule uhodari wa kubuni mambo kila siku tuliutoa wapi?

Kwanza nikurekebishe kidogo. Nyumba haikujaa kila siku. Ilikuwapo miezi ambayo mshahara ulichelewa, tukala tukiwa tumenyamaza, na hakuna aliyejisikia kushukuru. Nakuambia haya ili usiendelee kuitafuta shukrani kama hali ya moyo inayomjia mtu akiwa ameketi. Kwetu ilikuwa kazi ya mikono kwanza, na hisia ikafuata siku ilipotaka.

Chukua mboga, kwa kuwa ndizo tulizokula kuliko kitu kingine chochote. Mama yako alikuwa akirudi kutoka soko la Kibuye na mafungu ya mboga za kienyeji, na kila fungu lilikuwa na tabia yake. Saga, ile tunayoiita dek, ni chungu. Huchemshwa, maji yake yakamwagwa, ikatiwa maziwa, kisha ikapashwa moto tena siku ya pili, na mara nyingine hata ya tatu, mpaka uchungu utulie na maziwa yaingie majanini. Mrenda huteleza na hutaka magadi. Ukiupika peke yake wapo watoto watakaoukataa, lakini ukiuchanganya na kunde unashika vizuri kwenye tonge la ugali. Managu hupatana na saga. Mitoo nayo ina uchungu wake mwingine kabisa, na mama yako hakuipika bila kuichanganya na mrenda. Kwa aina hizo chache, magadi kidogo na maziwa ya kupima kwa kikombe, aliweza kuwalisha wiki nzima bila mtu kusema kwamba chakula cha leo ni kile cha jana. Huo ndio ubunifu ninaoufahamu mimi: kuvijua vichache ulivyo navyo kwa undani, mpaka uone ndani yake tofauti ambazo mpita njia hawezi kuziona. Anayenunua kitu kipya kila mwisho wa mwezi hapati nafasi ya kuvijua hivyo.

Shukrani iliingia kwa mlango huohuo. Ninyi ndio mliochambua zile mboga, mkikaa sakafuni na ungo katikati yenu, na mtoto aliyeng'oa majani ya saga bua moja baada ya jingine hakuhitaji mahubiri ili ajue kwamba chakula kina jasho ndani yake. Mama yako aliongeza desturi moja ambayo huenda umeisahau. Hakukubali mtu aseme asante tupu baada ya kula; ilimbidi ataje jambo na mtu aliyelifanya, kwa mfano, kwamba anamshukuru kaka yake kwa kuchota maji mapema hata sufuria haikungoja. Mwanzoni mlicheka. Baadaye mlianza kuchunguzana mchana kutwa ili mpate la kusema jioni, na kuchunguzana huko ndiko kulikokuwa na faida.

Ulitaja kwamba mkamwana wangu amenunua daftari la kuandika mambo ya kushukuru, nalo limebaki kurasa nyeupe. Sikulidharau wazo hilo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo waliwaomba wanafunzi waandike kila wiki mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru, na wanafunzi hao wakaonekana kuridhika na maisha yao kuliko wenzao walioandika kero zao. Baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba walioandika mara moja kwa wiki ndio walionufaika, kuliko walioandika mara tatu. Mimi sishangai. Jambo likifanywa kila siku kwa sharti huwa kama kuita majina darasani: kila mtu anajibu, na hakuna anayesikiliza. Basi liandikeni Jumapili tu, na mwandike kwa majina na kwa vitendo, si maneno mapana kama afya na uhai.

Lakini kabla hujamkumbusha daftari, soma tena ulichoniandikia. Umesema analalamika kwamba anarudi kutoka kazini saa ileile unayorudi wewe, kisha yeye anaingia jikoni na wewe unashika rimoti. Hilo ni lalamiko la haki, na shukrani haiwezi kulitibu. Unakumbuka simulizi zangu za gugu maji lilipofunika ghuba yetu ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, mashua zikakwama pale ufuoni Dunga na wavuvi wakakosa njia ya kutoka? Watu walijifunza kukausha mabua yake wakasuka vikapu na viti vya kuuza, na wengine wanaendelea hadi leo. Hata hivyo sijamsikia msusi hata mmoja akilishukuru gugu, wala hakuna aliyewaambia wavuvi waache kulalamika kwa sababu sasa kuna vikapu. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Chukua siku zako za kupika, kwa mpango unaojulikana, na uone kama mezani hapatapatikana la kusemwa.

Kuhusu watoto, nina machache. Zamani mtoto wa Kijaluo alipelekwa siwindhe, nyumba ya bibi, na hapo ndipo alipojifunza sigana, yaani hadithi, na mafumbo. Nyumba ya kupanga mjini haina siwindhe, lakini ina usiku ambao stima hupotea. Usikimbilie simu. Mwache mkubwa aanzishe hadithi, mdogo aiendeleze, nawe uimalize vibaya makusudi ili wakusahihishe. Na siku moja ya wikendi wapandishe mlima Menengai wakaione kreta ile, lile shimo la volkano, kwa maana mnaishi chini yake na hujaniambia hata mara moja kwamba mmewahi kufika. (Mama yako anasema nisikuseme sana.)

Tumekutumia mbegu za saga, zimefungwa ndani ya bahasha hii. Ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kidogo kabla ya kuzisia, na usizifukie kwa kina, maana hazitaota. Toboa matundu chini ya makopo ili maji yasituame, na uyaweke penye jua hapo barazani. Baada ya wiki nne hadi sita majani yatakuwa tayari. Chuma ncha kwanza, ili mmea utoe matawi zaidi. Kumwagilia wape wajukuu wangu kwa zamu. Kuchemsha na kutia maziwa uanze mwenyewe, na ukikwama kwenye kipimo cha maziwa mpigie mama yako, kwa kuwa mimi sijawahi kukipata sawasawa naye hataki kukiandika.

Baba yako