Kope zako na miguu yangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama hayo macho yako yanayochomachoma yana uhusiano na miguu yangu iliyovimba, na kama mtoto mnayemtarajia naye atarithi. Uhusiano upo. Hata mimi nilichelewa kuujua. Miaka yote nilidhani macho ni yako na miguu ni yangu.

Ukingoni mwa kope, penye vitundu vya kutolea mafuta, wewe na mimi tumeota safu ya pili ya nywele. Zinakwaruza konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, ndiyo maana mwanga unakuumiza na unahisi mchanga usiotoka. Ukizing'oa kwa kibano, baada ya wiki chache zinarudi. Nami nimezing'oa tangu usichana! Nenda kwa daktari wa macho: anaweza kuua vishina kwa umeme au kwa kugandisha. Usizizoee, kwa sababu konea ikipata kovu uoni hufifia.

Chanzo cha yote mawili, kope na miguu, ni hitilafu katika jeni moja, FOXC2, iliyobainika mwaka 2000. Jeni hiyo husimamia uundaji wa vali, yaani vilango vidogo, za mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu. Vali zisipofunga sawasawa, maji hurudi chini yakatuama miguuni. Watu huniambia nina matende, lakini matende huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Haya ni ya ukoo. Vidonge vya kukojoza havikunisaidia kitu. Soksi za kubana ndizo zinazonisaidia.

Miguu yako bado ni myembamba, ila usijitoe hesabuni. Kwa wengi uvimbe huanza wakati wa kubalehe. Wengine huwafikia wakiwa na miaka thelathini na zaidi. Uvimbe ukifika, chunga ngozi kuliko chochote. Mimi nilipuuza ufa mdogo katikati ya vidole. Mguu ukawa mwekundu, ukawaka moto, nikatetemeka kwa homa, nami nikangoja siku tatu nikidhani itapita. Nililazwa. Tangu hapo mguu ule haujarudi ulivyokuwa, kwani kila shambulio huharibu mishipa zaidi. Wewe ukiona dalili hizo, siku hiyohiyo utafute antibiotiki kwa daktari.

Kuhusu mtoto: uwezekano ni nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume, na hakuna ajuaye atapata kwa ukali gani. Akizaliwa, waombeni wampime moyo na kaakaa, maana wachache huzaliwa na kasoro hapo. Kope nitazikagua mwenyewe, na miwani yangu.

Mama yako