"A red and blue pen": kalamu moja au mbili?

Mkuu, umeuliza kama "the black and white cat" na "the black and the white cat" ni kitu kilekile, na ile "the" ya pili ni mapambo tu. Si mapambo. Ya kwanza ni paka mmoja mwenye mabaka. Ya pili ni paka wawili, kila mmoja na rangi yake.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kumwandikia mwenzangu wa kazini aniletee "a red and blue pen". Kichwani nilikuwa na kalamu mbili, nyekundu ya kusahihishia na ya bluu ya kuandikia. Akaja na moja, ile nene ya kubonyeza kwa juu, wino mwekundu na wa bluu humo humo. Nikalalamika, akanionyesha ujumbe wangu mwenyewe. Nilitakiwa kuandika "a red and a blue pen", au bora zaidi "a red pen and a blue one".

Kinachotuponza ni kwamba hesabu yetu sisi iko kwenye kitenzi. Paka mweusi na mweupe "amelala", mmoja. "Wamelala", wawili, kwisha kazi. Kiingereza nacho kina "is" na "are", lakini ukiingia wakati uliopita, "slept" haikuambii kitu: alale mmoja, walale kumi, ni "slept" tu. Hapo mzigo wote unabebwa na hiyo "the".

Ila usianze kuirudia kila mahali. Nomino ikiwa katika wingi na sifa zenyewe zinapingana, moja inatosha: "the old and new offices" haimchanganyi mtu. Shida ni "the red and blue flags". Kila bendera ina rangi mbili, au nyekundu kivyake na za bluu kivyake? Hapo mimi huandika "the red flags and the blue ones", nikalala usingizi. Kwenye umoja "a" haina msamaha: "a long and short rope" ni kamba ambayo haijawahi kusokotwa.

Kuhusu "an", angalia neno linaloifuata, siyo nomino, tena sikiliza sauti, usitazame herufi: "an old and useful book", lakini "a useful and an old book" kama vitabu ni viwili, maana "useful" hutamkwa kama inaanza na "y".