Nimeacha gongo siku 34, mbona nguvu hazirudi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi uashi, nina miaka 41, naishi Moshi. Nimekunywa gongo na mbege kwa miaka 14 hivi, na leo ni siku ya 34 sijagusa. Kule kutetemeka na kutoka jasho kwa wiki ya kwanza kumekwisha, lakini nimebaki hoi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, ndoto ni nyingi, saa nane usiku niko macho. Ikifika saa tano asubuhi mikono haina nguvu ya kuinua tofali. Mke wangu anaona nimekuwa mvivu, na wenzangu wa saiti wananiambia nizimue kidogo. Zahanati walinipima damu: Hb 11.2, MCV 106, wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Jirani anasema nikatundikiwe dripu ya glukosi. Nifanye nini, na hali hii itaisha lini?

JIBU: Ndugu yangu, siku 34 baada ya miaka 14 ni kazi kubwa uliyoifanya, na nakupongeza kwa dhati. Usizimue. Uchovu wako una sababu zinazoonekana, na nyingine umeshaziandika mwenyewe bila kujua.

Nianze na karatasi ya damu. Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, kwa mwanaume mtu mzima inatakiwa ifike 13, kwa hiyo damu yako ni pungufu kweli. Lakini tazama mstari wa MCV. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu, na kawaida yake ni 80 hadi 100. Zako zimevimba. Upungufu wa madini ya chuma peke yake huzifanya chembe ziwe ndogo, si kubwa. Chembe kubwa kwa mtu aliyekunywa miaka mingi kwa kawaida husema mambo mawili: pombe imevuruga uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na foliki asidi, vitamini ya kutengenezea damu, imepungua. Rudi na karatasi hiyohiyo, omba waangalie vitamini B12 na foliki asidi. B12 ikiwa sawa, tiba ya kawaida ni foliki asidi miligramu 5 mara moja kwa siku kwa miezi minne hivi. Ukimeza foliki asidi huku B12 ndiyo pungufu, damu inaweza kupanda ukadhani umepona, kumbe mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Vidonge vya chuma usivitupe mpaka waseme, maana pombe huchubua tumbo na mtu akapoteza damu polepole. Vitakufanya utoe choo cheusi, usishtuke. Choo kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida ndicho cha kukimbilia hospitali.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Kwa siku zako 34, umebadilisha robo na ushee tu. Sehemu kubwa ya damu inayokusukuma leo ilitengenezwa ukiwa bado unakunywa. Mwambie na shemeji hesabu hiyo. Huo si uvivu.

Sasa dripu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Pombe huzuia utumbo kunyonya vitamini B1, na akiba yake mwilini ni ndogo, ya wiki chache tu. Mwili unaihitaji B1 ili kuunguza sukari. Ukimwagiwa glukosi kwenye mshipa huku B1 imekwisha, kile kidogo kilichobaki kinatumika chote kwa haraka, na ubongo unaweza kuumia: mtu anachanganyikiwa, anapepesuka kama mlevi ilhali hajanywa, macho yanacheza au anaona vitu viwili viwili. Asipotibiwa upesi kwa sindano za B1, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Mtu anayekula na kunywa maji kwa mdomo hahitaji dripu ya nguvu. Anahitaji B1 yenyewe, na kipimo cha kawaida cha vidonge ni miligramu 100 kwa siku, wakati mwingine mara mbili au tatu kama hali yako itamfanya daktari aone hivyo.

Soma paketi kabla ya kulipa. Vidonge vya kawaida vya B kompleksi mara nyingi vina miligramu chache tu za B1, havitoshi. Vile vya neva, vyenye B1, B6 na B12 pamoja, vingi vina B1 miligramu 100, ila B6 yake mara nyingi ni 200, na kiasi hicho kikitumika miezi mingi huleta ganzi miguuni. Vya muda mfupi sawa. Vya mwaka mzima, hapana.

Chakula nacho kina neno. Sembe iliyokobolewa imepoteza kiini cha punje, na B1 imeondoka nacho. Kula dona, maharage au kunde, karanga, mayai, dagaa, mchicha usiopikwa hadi ukafifia. Chai ya rangi nzito usinywe pamoja na chakula wala vidonge vya chuma. Ngoja saa moja. Kula kila baada ya saa tatu au nne, kwa sababu ini lililochoka haliwezi kushikilia sukari ya damu kwa muda mrefu, na kule kulegea kwako kwa saa tano huenda ni njaa tu iliyojificha. Fungasha viazi vitamu na mayai mawili uende navyo saiti. Kisha kula tena saa kumi na moja jioni, kabla hujaanza safari ya nyumbani. Vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, hufundisha kuchunga njaa, hasira, upweke na uchovu, na saa ile ya kutoka kazini mtu hupita kilabuni navyo vyote vinne.

Usingizi ndio utakaochelewa zaidi. Kwa miaka 14 pombe ilikuwa inaukandamiza ubongo, nao ukajizoeza kukaza mwendo ili ukae sawa, kama dereva aliyezoea gari lenye breki ya mkono iliyokamata. Breki imeachiwa, mguu bado uko kwenye mafuta. Ndoto nazo zilizuiwa na pombe, sasa zinarudi kwa wingi. Amka saa kumi na mbili kamili kila siku, hata Jumapili, utoke nje kwenye mwanga na utembee dakika 15. Ukisinzia mchana, dakika 20 kabla ya saa tisa zinatosha. Kahawa iishie saa sita mchana. Ukizinduka usiku ukajigeuza kitandani dakika 20, inuka, kaa kwenye kiti taa ikiwa hafifu, urudi usingizi ukija. Diazepamu, dawa ya usingizi na kutuliza, ya dukani usiiguse, inashika sehemu zilezile za ubongo zilizoshikwa na gongo. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo viache: kopo moja la mililita 250 mara nyingi lina kafeini miligramu 80 na vijiko sita vya sukari au zaidi, unapanda kwa saa moja kisha unaporomoka.

Kazini, panga tofali na zege viwe asubuhi ukishakula, kupiga plasta na usafi viwe mchana. Usipande jukwaa siku uliyolala chini ya saa nne.

Kwa wengi nguvu za mchana huanza kurudi kati ya wiki ya 6 na ya 12. Usingizi unaweza kuchukua miezi sita. Ila kuna uchovu usiotokana na kuacha pombe. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kupima makohozi, kwani TB huwapata zaidi watu waliokunywa sana. Pima pia VVU, sukari na homa ya ini B. Huzuni inayotokana na pombe aghalabu hupungua ndani ya wiki nne. Ikiwa wewe bado huoni raha ya kitu chochote, mweleze daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Na wewe msomaji ambaye bado unakunywa kila siku: usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege la arosto ya pombe hutokea mara nyingi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Pitia hospitali kwanza.

Fundi, rudia kipimo cha damu ukifikisha miezi minne. Kama MCV bado inapita 100 na hujagusa pombe, omba waangalie ini na tezi ya shingo.