Fundi wa Igombe auliza: maada ya giza ipo kweli, au fomula ndiyo mbovu?

SWALI: Mimi ni fundi wa mashine za boti, niko mwalo wa Igombe hapa Mwanza. Kijana wangu anasoma PCM kidato cha sita. Juzi kaniambia asilimia 95 ya ulimwengu ni "giza" na hakuna anayejua ni nini. Nikamjibu kwamba sisi mafundi hesabu ikikataa tunairudia hesabu, hatusemi kuna spea isiyoonekana. Je, si fomula yao ndiyo yenye kasoro? Halafu nimesikia nishati ya giza imeanza kupungua, ni kweli? Na mama watoto anauliza kama hiyo maada ya giza ipo hata hapa ziwani.

JIBU: Fundi, wasiwasi wako una heshima yake. Wapo wanafizikia wa kweli wanaofikiri kama wewe, nitafika kwao. Ila kwanza tuifungue hiyo 95, maana ni mizigo miwili imetiwa gunia moja. Kama asilimia 27 ni maada ya giza, ambayo inavuta vitu pamoja. Kama 68 ni nishati ya giza, ambayo inahusika na ulimwengu kutanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Undugu wao ni wa jina tu, na jina lenyewe baya. Giza tunalolijua linaziba. Hii maada haizibi chochote, mwanga unapita ndani yake kama hakuna kitu. Ningeulizwa mimi ningeiita maada angavu, lakini nimechelewa kuzaliwa.

Sasa chukua simu, fungua kikokotoo. Dunia inazunguka Jua kwa kilometa 29.8 kwa sekunde. Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kuliko sisi. Kwa fomula ya mvutano ya Newton, umbali ukiongezeka, kasi inapungua kwa kipeuo cha pili cha ongezeko hilo. Kipeuo cha pili cha 30 ni 5.48. Gawanya 29.8 kwa 5.48, unapata 5.4. Na Neptuni inakwenda kilometa 5.4 kwa sekunde. Hiyo ndiyo fomula unayotaka tuitilie shaka, kwa hiyo usiitupe kabla hujaona inavyofanya kazi.

Kwenye galaksi, yaani mikusanyiko ya mabilioni ya nyota, ndiko inakogoma. Nyota zimesongamana katikati, pembezoni ni chache, hivyo zile za nje zilitakiwa kwenda taratibu kama Neptuni. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: unavyozidi kwenda nje, kasi haishuki inavyopaswa. Baadaye waliokuwa wakipima mawimbi ya redio ya haidrojeni wakasogea mbali zaidi, mpaka mahali ambapo nyota zimekwisha imebaki gesi, na kasi bado iko palepale. Kwa kasi ile, kama kinachoshika ni nyota na gesi tunazoziona tu, gesi hiyo ingeshatawanyika zamani. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alikuwa ameligusa jambo hili tangu 1933, kwenye kundi la galaksi la Coma, ila kwa miaka mingi hakuna aliyemtilia maanani sana.

Wewe mambo haya unayaona kila siku. Mtumbwi unaingia mwaloni, mzigo umefunikwa turubai. Huoni kilichomo. Unaona maji yamepanda hadi ubao wa ngapi, unasikia mashine inavyolalamika, na tani zake unaweza kuzikadiria ukiwa umesimama nchi kavu na spana mkononi. Kama ni mahindi au saruji, hapo huwezi kusema. Maada ya giza iko hivyo: uzito unajulikana, mzigo haujulikani. Kijana aliposema hakuna anayejua ni nini, alisema kweli. Wewe ukasikia hakuna anayejua kama ipo, na nadhani ugomvi wenu ulianzia hapo.

Tena mizani ni mingi. Mvutano unapinda mwanga, kwa hiyo unaweza kupima uzito wa kundi la galaksi kwa kuangalia jinsi picha za vitu vilivyo nyuma yake zinavyovutika na kujipinda. Halafu kuna mwanga wa kale kuliko wote, ulioanza safari miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Una mabaka yanayotofautiana joto kidogo sana, na mpangilio wake unategemea kiasi cha maada ya kila aina. Setilaiti ya Planck iliyapima mabaka hayo, na 27 na 68 zimetoka huko. Njia hizi hazifanani hata kidogo, na jibu lake ni lilelile: ya giza ni kama mara tano ya ile ya kawaida.

Sasa twende upande wako. Mwaka 1983 mwanafizikia Mordehai Milgrom alisema kama wewe: hakuna mzigo, fomula inabadilika mvutano unapokuwa dhaifu kupita kiasi. Dhaifu kiasi gani? Kama sehemu moja ya bilioni 80 ya mvutano unaoangusha spana yako chini. Kwa namba hiyo moja anakupatia mizunguko ya galaksi nyingi kwa usahihi wa kushangaza, zikiwemo galaksi hafifu ambazo zilikuja kupimwa vizuri baadaye. Hilo si jambo la kubeza, na wenzangu wa upande wa maada ya giza huwa wanalipita haraka mno.

Kinachomkwamisha ni makundi ya galaksi. Hata ukitumia fomula yake, uzito unaoonekana bado hautoshi. Na lipo kundi moja liitwalo Kundi la Risasi, ambalo kwa kweli ni makundi mawili yaliyogongana. Gesi ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida mle ndani, ilisuguana ikabaki nyuma, galaksi zikapitiliza. Mwaka 2006 ikachapishwa ramani ya mahali mwanga unapopindwa zaidi, na mvutano mkubwa ukakutwa kule ziliko galaksi, mbali na gesi. Ingekuwa imeharibika fomula peke yake, mvutano ulitakiwa kukaa na gesi.

Historia nayo imetoa sare. Sayari ya Uranus ilipokuwa ikienda mrama, mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alikokotoa kwamba kuna sayari isiyoonekana inaivuta, na mwaka 1846 Neptuni ikapatikana kwa darubini. Kwa sayari ya Zebaki akajaribu mbinu ileile, akatabiri sayari nyingine karibu na Jua. Watu wakaitafuta wee, haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaja na nadharia mpya ya mvutano, Zebaki ikakaa sawa. Kwa hiyo fundi mwenye mashaka na fomula alishawahi kushinda.

Mimi naegemea kwenye maada, na sababu kubwa ni hilo Kundi la Risasi pamoja na yale mabaka. Raha sina. Kule South Dakota, Marekani, ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, karibu kilometa moja na nusu chini ya ardhi, wameweka tani 7 za zenoni, gesi iliyogeuzwa kimiminika, wakisubiri chembe moja tu ya maada ya giza igonge. Wachimbaji wa Geita wanaijua subira ya namna hiyo. Hawajanasa hata moja.

Kuhusu nishati ya giza kupungua, nenda ufukweni usiku usio na mwezi, dagaa wanapovuliwa. Mitumbwi huioni, unaona taa. Zikiwa za aina moja, iliyofifia ndiyo iliyo mbali. Wanaastronomia wana taa zao, supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka, ambazo mwako wake unakaribiana na unaweza kusawazishwa. Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilikuta za mbali zimefifia kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake zilikuwa mbali zaidi, na kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi. Watatu hao wakapata Nobeli mwaka 2011. Maelezo rahisi kuliko yote ni ile namba isiyobadilika ambayo Einstein aliiweka kwenye milinganyo yake mwaka 1917. Shida ni kwamba ukijaribu kuikokotoa kutoka fizikia ya chembe, jibu linazidi kipimo kwa namba yenye sifuri kama 120. Hapa hata turubai lenyewe hatulioni vizuri.

Mwezi Machi 2025 mradi wa DESI, unaotumia darubini iliyoko Arizona, ulitoa vipimo vya mamilioni ya galaksi. Ukiviunganisha na ule mwanga wa kale na supanova, vinaonyesha nishati hiyo imekuwa ikidhoofika. Ila wanafizikia hudai sigma 5 (sigma ni kipimo cha uhakika kwamba jambo si bahati nasibu tu) kabla ya kutangaza ugunduzi, na dalili hii wakati huo ilikuwa kati ya 2.8 na 4.2, kutegemea umechukua orodha ipi ya supanova. Na wewe unajua taa ya sola yenye betri iliyochoka: iko karibu, inaonekana iko mbali. Kosa dogo katika kusawazisha taa linaweza kujifanya habari kubwa. Kwa hiyo ni kweli dalili zimetangazwa, na kijana asiandike kwenye mtihani kwamba imethibitishwa.

Mama watoto mwambie ipo, hata hapo ziwani. Inapita kwenye maji, kwenye sangara, na kwake yeye mwenyewe bila kugusa kitu. Lakini ni kidogo mno. Inapata nguvu kwa sababu nafasi kati ya nyota ni kubwa na yote imejaa hiyo. Kwa makadirio ya upande huu wa galaksi yetu, ukikusanya yote iliyomo ndani ya sayari nzima ya Dunia kwa wakati mmoja, unapata kama nusu kilo. Fungu la Ziwa Victoria lote, mpaka chini kwenye tope, ni jepesi kuliko punje moja ya chumvi.