Trigliseridi zimepanda: je, ni saratani?

SWALI: Daktari, nina miaka 46. Kipimo cha mafuta kwenye damu kilionyesha trigliseridi 290 mg/dl. Baadaye mtu wa tiba mbadala alinishikisha kifaa mkononi, kikaandika kwamba mafuta ya seli zangu yamebadilika na saratani imeanza. Ameniuzia dawa ya unga na kunikataza mafuta ya kila aina. Nimesoma kwamba kweli seli za saratani hubadilisha mafuta. Nipime nini nijiridhishe?

JIBU: Ulichosoma ni kweli. Ulichofanyiwa ni utapeli, na utapeli wa siku hizi hupenda kuanzia kwenye jambo la kweli.

Seli nyingi za mwili wenye afya hutumia mafuta yanayoletwa na damu. Seli nyingi za saratani hujitengenezea pia ya kwao: sitreti, kemikali inayotokana na chakula, hutoka kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli), hukatwa kupata asetili-CoA, kipande chenye kaboni mbili, kisha kimeng'enya kiitwacho FASN huongeza kaboni mbilimbili hadi ipatikane asidi ya palmitiki yenye kaboni 16. Mafuta hayo hujenga utando wa seli mpya. Malighafi yake kubwa ni glukosi (sukari ya damu) na glutamini (kijenzi cha protini), kwa hiyo ukiacha mafuta mezani hujaizuia seli hiyo kitu. Utakachokosa ni nishati pamoja na vitamini A, D, E na K, ambazo hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Mgonjwa halisi wa saratani akishikishwa mlo huo hukonda kabla hata ya kuanza matibabu.

Sasa kosa ninalokutana nalo kila mara: watu huchukua mabadiliko ya ndani ya seli na kuyatafuta kwenye karatasi ya kolesteroli. Trigliseridi za kwenye damu hutoka kwenye utumbo baada ya kula, na kwenye ini wakati wote. Ini la mtu mzima lina kilo moja na nusu hivi. Uvimbe wa sentimita 1 una nusu gramu hivi. Hiyo nusu gramu haiwezi kusikika katikati ya kelele za ini. Zako 290 zina sababu za kawaida kabisa: ulikula kabla ya kutoa damu, unatumia pombe au sukari nyingi, una kisukari ambacho hakijagunduliwa, tezi ya shingo imelegea, au figo zina shida. Rudia kipimo ukiwa umefunga saa 9 hadi 12, maji tu, bila pombe tangu siku iliyotangulia, na upime pia HbA1c (ya kisukari), TSH (ya tezi ya shingo) na kreatinini (ya figo). Zikivuka 500, kongosho linaweza kuvimba, na hilo ndilo la kuogopa.

Mafuta ya seli hutumika kweli katika uchunguzi, ila pale ambapo tayari kuna mahali pa kuangalia. Kolini, malighafi ya utando, huwekewa kaboni-11, kaboni yenye mionzi, kwa ajili ya skani ya PET, picha inayoonyesha mahali mionzi hiyo ilipojikusanya mwilini. Marekani iliiidhinisha mwaka 2012 kutafuta saratani ya tezi dume iliyorudi. Nusu uhai wake, yaani muda wa mionzi kupungua kwa nusu, ni dakika 20 tu, hivyo hutengenezwa karibu na mashine yenyewe. Maabara ya patholojia nayo hupaka kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa mwilini, rangi ya Oil Red O ili matone ya mafuta yaonekane mekundu. Hapo kinyama lazima kigandishwe kwa baridi: kikipitishwa kwenye alkoholi na zailini, vimiminika vya kawaida vya kuandaa vinyama, mafuta huyeyuka yakaondoka, na pakabaki patupu pale pale unapoyatafuta.

Damu imejaribiwa. Mwaka 1998 lipidi (aina ya mafuta) iitwayo LPA ilitangazwa kuwa ingeweza kufichua saratani ya ovari. Baadhi ya waliorudia kupima baadaye hawakupata tofauti ile. LPA huongezeka ndani ya chupa yenyewe damu inapoganda, kwa hiyo seramu (maji ya damu iliyoachwa igande) na plazma (maji ya damu iliyozuiwa kuganda) ya mtu yuleyule hutoa majibu tofauti. Sampuli iliyocheleweshwa juu ya meza inatosha kumfanya mzima aonekane mgonjwa.

Hata kipimo kizuri kina hesabu yake. Chukua watu 10,000 wasio na dalili, 50 kati yao wakiwa na saratani, na kipimo kinachopatia asilimia 90 kwa wagonjwa na kwa wazima. Kitawapata wagonjwa 45, na kitawatisha wazima 995. Anayekuuzia kipimo bila kukuambia namba hiyo ya pili anakuuzia hofu.

Kifaa cha kushika mkononi hata hakifiki kwenye mjadala huu. Lipidi za seli hupimwa kwa kutoa sampuli mwilini, kuchuja mafuta yake kwa vimiminika kama kloroformu na methanoli, kisha kuyapitisha kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Kiganja hakitoi chochote kati ya hivyo. Unga usioandikwa viambato uache leo, na umwonyeshe daktari wako kopo, maana baadhi ya mchanganyiko huo huumiza ini.

Ukiwa na uvimbe unaokua, damu isiyoeleweka kwenye choo au mkojo, au unapungua uzito bila kujitahidi, kipimo ni picha na biopsi, yaani kutoa kinyama kikachunguzwe. Usiikimbie biopsi kwa hofu kwamba sindano itasambaza saratani; hilo ni nadra sana. Kinyama kikitolewa, kiingie mara moja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi vinyama, ya asilimia 10 iliyo mara 10 ya ujazo wake. Na daktari akitaka rangi ya mafuta, aiarifu maabara kabla ya kukata, ili kinyama kigandishwe badala ya kupitishwa kwenye alkoholi.