Mkeo sio mvivu mkuu, mi mwenyewe nilikuwa na leseni miaka 8 na usukani siugusi

Mkuu nimesoma ulichoandika: mkeo kaacha kazi anashinda na watoto, gari umemwachia, leseni anayo, lakini miezi sita sasa gari halijatoka getini na ukimuuliza anakwambia kesho. Umeuliza ni uvivu au kuna kitu anakuficha. Wengi wamekujibu uuze gari akome. Mi nakujibu kama mtu aliyekaa hapo alipo mkeo, tena mi mwanaume, tena naishi Arusha, mji ambao ukirusha jiwe linampata dereva wa watalii. Sasa piga picha aibu yake.

Leseni nilichukua 2014, enzi hizo 40,000 kwa miaka 3. 2017 ikaisha nikalipa 40,000 nyingine. 2020 nikalipa tena, wakati huo imeshakuwa 70,000 kwa miaka 5. Jumla 150,000 nimelipa ili nikae kiti cha kushoto nikishika pochi ya shemeji yenu huku yeye anaendesha.

Chanzo chenyewe hata hakina maana ukikisimulia. Nilipokuwa najifunza, gari la gia, tunapanda barabara ya Ilboru, mbele wamesimama na mi nikasimama, kuondoka sasa klachi ikanishinda gari likarudi nyuma likagusa kifodi, daladala zetu za huku. Kugusa tu, taa haikuvunjika. Lakini konda alishuka akapiga boneti kofi mbili, akanitazama kupitia kioo akasema "we chalii shuka ukalime", abiria wote wakacheka, na mwalimu wangu naye akacheka. Test nilipita sijui hata nilipitaje, af toka siku hiyo kila nikishika usukani nasikia lile kofi.

Nikiwa kazini haikunisumbua, nilikuwa naandika booking za wageni kwenye ofisi moja ya utalii, kifodi asubuhi kifodi jioni nani atajua. Korona ilipokuja 2020 wageni wakakata, ofisi ikapunguza watu nami nikiwemo. Shemeji yenu ndo akabaki na mshahara, anafuatwa na basi la kazini saa kumi na moja na nusu, kwahiyo mi nikabaki Moshono na watoto wawili na gari letu, Passo, limekaa uani. Jirani kuku wake wakawa wanatagia chini yake.

Watu wasioogopa hawajui mtu anayeogopa ana kazi kiasi gani. Mimi nilikuwa najua namba za bajaji saba kichwani. Clinic ya mtoto nilikuwa naipangia siku mbili kabla. Nilikuwa na sababu za akiba, leo mafuta kidogo, leo tairi naona limepungua upepo, leo mvua, leo jua kali watoto watachoka (kwenye gari!). Na mwongo mzuri huanza kujidanganya mwenyewe, mana kuna siku kweli nilikuwa nalikagua lile tairi.

Kilichonikata ni binti yangu, ana miaka minne wakati huo. Tumesimama getini tunasubiri bajaji, manyunyu, mdogo wake nimembeba, akaligeukia gari akaliangalia weee af akaniuliza, baba, gari letu limekufa? Nikamwambia hapana limelala. Akasema basi tuongee taratibu. Na kweli akawa ananong'ona mpaka bajaji ilipofika.

Shemeji yenu alijaribu kunifundisha. Mkuu hapa nisikilize vizuri kwa sababu najua ndo unachopanga: USIMFUNDISHE WEWE. Yule ni mke wangu nampenda ila akikaa kushoto anashikilia kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili na anakanyaga breki ambayo upande wake haipo. Na lile neno "mbona rahisi" alilirudia kama mara kumi hivi. Neno hilo halimsaidii mtu anayeogopa, linamwongezea ujinga juu ya woga. Tulinuniana siku tatu tukaacha.

Aliyeniokoa ni mama mmoja hapa mtaani anasambaza mayai kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mtu mzima, kilemba chake, dirisha wazi. Akanikuta nje asubuhi moja akaniambia "Baba Neema, hilo gari mnafugia kuku?" Nikacheka kwanza, af sijui kilichonipata nikamweleza yote mpaka ya konda. Hakunicheka. Akasema Jumapili saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari, watu wa kanisani hawajatoka na waliotoka baa wameshalala.

Nilidhani atanifundisha kuendesha. Hakunifundisha, alinifundisha kusimama. Tulitoka getini, tukaenda kama mita hamsini akasema weka pembeni. Indiketa, saitimira, pembeni, hazadi (zile taa za tahadhari). Tukakaa. Anakula karanga zake haongei. Haya twende. Mita hamsini nyingine, weka pembeni. Siku ya kwanza hatukufika hata lami, tumesimama mara kumi na tano huko, jasho limenilowesha mpaka mgongo wa kiti. Wakati wa kurudi akaniambia, we unaogopa kwa sababu unadhani ukishaingia barabarani hutoki, kumbe barabara ikikuzidi unaweka pembeni unawasha hazadi wanapita, wakipiga honi honi haina meno.

Mi nakwambia miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba naruhusiwa kusimama.

Tukaenda hivyo Jumapili sita au saba. Njia ileile tu, Moshono mpaka Kijenge na kurudi, mpaka nikajua kila tuta na kila shimo, hata mbwa wa pale kwenye kona nikawa namjua. Hiyo ndo siri nyingine, asizurure, achague njia moja anayoihitaji kweli, ya shule ama ya sokoni, aimalize kabisa ndo aongeze. Na watoto wasiwemo mwanzoni, mana mtoto akilia nyuma unageuka, na ukigeuka umekwisha.

Siku ya kwanza peke yangu na watoto ilikuwa Jumanne. Njiani nilikuwa naongea kwa sauti kama konda, "tuta hilo, punguza, bodaboda kulia, mwache apite". Neema nyuma anarudia, "mwache apite". Kijenge bajaji ikanichomekea, zamani ningeacha gari hapohapo nitembee, nikaweka pembeni, hazadi, nikapumua kama dakika mbili, mtoto akauliza tumefika? Nikamwambia bado, tunapumzika. Tukaendelea.

Kipilefti cha Impala kilinichukua miezi mingine miwili. Kanuni naijua toka darasani, unampisha aliye kulia kwako, ila pale ukimpisha wa kulia kwa adabu sana unaweza ukalala hapohapo. Nilikuwa nazunguka mbali kukikwepa, nachoma mafuta, na sikuona aibu.

Sasa hivi nawapeleka shule, naenda Soko Kuu nikiwahi asubuhi, clinic naenda. Usiku siendeshi. Bypass na yale malori siendi, Moshi tukienda anaendesha shemeji yenu nami nashika pochi kama kawaida. Kwahiyo mkeo naye asipofika mbali usimwone kashindwa, akifika shule na kurudi hicho ndicho mlichokuwa mnakihitaji.

Mtafutie mtu mpole, ikiwezekana mwanamke mzima asiye ndugu, na we siku hiyo baki ndani usichungulie dirishani. Na kabla ya Jumapili hiyo cheki betri. Gari likikaa miezi bila kuwashwa betri inakufa, sisi siku ya kwanza tumevaa tumekaa nimefunga mkanda nasali, nageuza ufunguo, kimya. Mama akashuka akaenda kuleta kirikuu tuunganishe waya, mi nikabaki ndani ya gari nimefurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.