Padova: wasipokutukana ujue bado wewe ni mgeni

Swali lenu la wiki hii, kwamba mgeni anayekwenda mji wa wasomi huko Ulaya ajue desturi gani ili asionekane mshamba, limenigusa pabaya kwa hiyo mhariri univumilie nikirefusha. Nimesoma majibu ya wenzangu waliotangulia, waliokaa Italia karibu wote wanaongelea kapuchino. Usiinywe baada ya saa tano asubuhi, usikate tambi, usimwage jibini juu ya tambi za samaki. Sawa jamani. Mimi nilisoma Padova na nawahakikishia unaweza kuagiza kapuchino saa kumi jioni na hutafungwa, mhudumu atakuangalia kidogo halafu atakuletea, maana hela ni hela. Ukiingia nyumbani kwa mtu piga hodi yao, sema "permesso" hata kama mlango uko wazi na mwenyewe anakuona, kwenye bili utakuta hela ya kukalia meza usigombane nayo, basi umemaliza, hizo ndizo za siku tatu.

Mimi nataka kujibu la wale wanaokaa. Mgeni anaacha lini kuwa mgeni?

Padova wengi wenu mnaijua kwa Mtakatifu Antoni, na watu wa Iringa mnaijua zaidi kwa sababu ya wale madaktari wa CUAMM pale Tosamaganga, maana shirika lao lilizaliwa hukohuko mwaka 1950. Chuo ni cha 1222. Galileo alifundisha pale miaka 18, na Elena Cornaro Piscopia alitunukiwa udaktari wa falsafa mwaka 1678, wakati ambao mwanamke kupewa shahada lilikuwa jambo halijasikika. Wenyewe wanapenda kujisifu kwamba mji wao una uwanja wa nyasi usio na nyasi, mtakatifu asiye na jina na mgahawa usio na milango. Uwanja ni Prato della Valle, yaani "prato" ni uwanja wa nyasi. Mtakatifu ni huyo Antoni, wao wanamwita "Santo" tu inatosha. Mgahawa ni Pedrocchi, ulifunguliwa 1831 na zamani ulikuwa haufungwi usiku wala mchana, una ukumbi wa kijani ambao kwa desturi unakaa bila kuagiza chochote na hakuna wa kukuinua. Mwanafunzi wa skolashipu ambayo haijaingia anajua thamani ya kiti hicho.

Na darasani pia kuna vyao. Kipindi cha saa nne kinaanza saa nne na robo, hiyo robo saa ni ya halali kabisa ina mpaka jina, sisi tukichelewa tunaambiwa Waafrika. Mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa anakuuliza, maksi ni juu ya 30 na kufaulu ni 18, na hapa ndipo nilipopenda: ukipewa maksi usiyoitaka unaruhusiwa kuikataa. Unasema asante profesa hii siitaki, unarudi siku nyingine. Nani kwetu angethubutu?

Sasa papiro. Hii ndiyo desturi yenyewe na nakiri nilikuwa siipendi hata kidogo. Mtu akishatetea tasnifu yake, akitoka nje anavikwa taji la majani ya mloreli kichwani, wazazi wanapiga picha, mpaka hapo pazuri. Halafu marafiki wanamgeuka. Wanamvua koti lake la suti wanamvalisha vituko, wanamsimamisha barabarani mbele ya jengo kuu la chuo, linaitwa Bo, na wanabandika bango kubwa, ndiyo papiro yenyewe, lenye kikatuni chake na maisha yake yote yaliyotungwa kwa vina, nusu Kiitaliano nusu lahaja ya Veneto. Aibu zake zote zimo humo, alizofeli, aliowatongoza wakamkataa, alivyolewa akalala kituo cha treni. Lazima asome kwa sauti mwanzo mwisho, akikosea neno anakunywa, asipokosea pia anakunywa, mayai na unga vinaruka, na kila baada ya aya wanamwimbia wimbo unaoanza "Dottore, dottore" halafu yanafuata maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu najua wakwe zangu wanasoma. Bibi yake yuko pale na mkoba wake anapiga makofi. Na vile vikatuni vingine ni vichafu kweli, binti wa watu kachorwa uchi njiani watoto wanapita. Nikawa nasema hawa ndio wanaotufundisha ustaarabu?

Basi nilikuwa na mwenzangu, Mpare wa Usangi, mimi Mchaga wa Marangu, mnaelewa hapo. Tulikaa hosteli moja. Alipotetea tasnifu yake wanadarasa wenzake walikuja wengi, wamependeza, maua wameleta, taji wakamvika, wakampa mkono mmojammoja, hongera, hongera sana. Wakasimama. Mimi nikashukuru Mungu moyoni maana jamaa ni Mwislamu safi, pombe hagusi, nikasema afadhali wametuheshimu. Pembeni yetu, hatua chache tu, kuna kijana mwingine wamemvalisha kaptula ya kuogelea na soksi za kike anasoma bango lake huku anatiririkwa na mayai na watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Mpare akawa anaangalia kule. Akaangalia maua yake. Akanivuta kando akaniuliza kwa Kiswahili, "Mchaga, hivi mimi papiro yangu iko wapi?"

Nikamwambia bwana si wamekustahi, wewe hunywi. Akasema, "Miaka yote hii nimekaa nao, leo ndio wamekumbuka kwamba mimi si mwenzao?"

Nikamfuata binti mmoja wa Treviso aliyekuwa rafiki yake sana nikamuuliza taratibu. Masikini akawa mwekundu. Kumbe walijadili mwezi mzima. Waliogopa pombe, waliogopa dini, na zaidi ya yote waliogopa kuchora. Maana kikatuni kazi yake ni kukuza, pua ikiwa ndefu unaifanya mkonga, sasa mtu mweusi unamkuzaje kwenye nchi ambayo michoro ya namna hiyo ina historia mbaya? Kila aliyeshika kalamu aliishia kuiweka chini, wakaona bora maua. Niseme ukweli, walikuwa sahihi kuogopa, na ningekuta mtu wa Treviso kamchorea mwenzangu yale midomo ningelichana lile bango mbele yake. Lakini pia niliona sura ya Mpare.

Nikawaambia mimi nina haki ya kumtukana huyu. Wakanitazama. Nikaanza kuwaeleza utani wa makabila pale kibarazani, kwamba kwetu mtani wako anaweza kukuzuia hata jeneza msibani mpaka umpe chochote na huruhusiwi kukasirika, kwamba Mpare anauza ng'ombe wawili kugharamia kesi ya kuku mmoja, na kwamba mimi kama Mchaga ni wajibu wangu kuyasema hayo hadharani. Wale watoto walichangamka! Kumbe walikuwa na mambo yake wameyabana miezi yote. Tukahamia kwenye meza ya baa, mmoja akaomba karatasi kubwa ya kufungia maua akaigeuza nyuma, mimi nikachora, wao wakatunga vina. Ikaingia habari ya mikate ya mensa, kantini ya wanafunzi, iliyokuwa inaishia mfukoni kila siku. Ikaingia baiskeli yake iliyoibwa akaenda kuinunua tena hiyohiyo kwa mtu. Ikaingia ile siku alikataa 24, akaringa kabisa, akarudi mwezi uliofuata akapata 22. Binti wa Treviso akakimbia dukani akarudi na glavu za jikoni za njano, wakazipuliza wakamfunga kichwani juu ya lile taji, vidole vimesimama, ikawa ndiyo upanga wa jogoo. Yule kuku wa kesi. Ya kunywa tukamchanganyia juisi ya peasi, siki na kahawa iliyolala, nilionja mwenyewe, heri angepewa kwinini.

Alisoma vibaya sana. Lahaja ya Veneto ilimshinda, kila mstari anakunywa, machozi yanamtoka na sijui ni ya siki au ya nini. Katikati mama yake akapiga WhatsApp ya video kutoka Usangi, nikapokea mimi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba huku macho yako kwa yule jogoo nyuma yangu. "Huyo mwanangu wamemfanya nini?" Nikamwambia mama amefaulu, sasa hivi anataniwa. Akanyamaza kidogo. "Kaandika nani, ni wewe Mchaga?" Nikasema ndiyo mama. "Basi mwambie asome kwa sauti, sisi huku hatusikii." Na wale wakaanza kuimba ule wimbo, mama akauliza wanasemaje, nikamwambia wanamwita daktari. Sikudanganya, hilo neno limo.

Kwa hiyo nirudi kwenye swali. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema mgeni ajiheshimu, aangalie papiro kwa mbali, apige picha aondoke. Mgeni wa siku tatu bado namwambia hivyo, na asijichomeke kuimba, huo wimbo si wake, kwanza hajui anaimba nini. Lakini anayekwenda kusoma, jamani, ajiombee awe na watu wa kumtunga. Maua na mkono wa hongera hata mtu baki anapewa.

Ila naweka masharti, na sijali nikionekana najipinga. Pombe ya kulazimishwa hapana, nimeona mtu anabebwa kwenda hospitali na taji lake kichwani, hiyo desturi ya babu wa nani? Michoro ya uchi hapana. Na anayechora awe mtu ambaye kesho na yeye utamchora. Binti yangu naye ameanza kuulizia vyuo vya Italia, mama yake hataki kabisa kusikia habari ya mayai. Mimi nimesema aende, ila hilo bango lao wanitumie nilisome kwanza. Binti amecheka akasema basi hiyo haitakuwa papiro tena, na hapo kidogo ana hoja, lakini nalisoma.